Dola mia za ndugu: zinafika ngapi?

Mwezi huu tunaandika juu ya pesa. Si pesa ya kutafuta, hiyo kila mtu anajua inavyosumbua. Tunaandika juu ya pesa ambayo imeshapatikana na sasa inatakiwa kusafiri: ile ya mtoto aliyefika Marekani au Australia anayetumia wazazi hapa kambini, na ile yetu wenyewe, kidogo kidogo, tunayotuma Kongo kwa mama aliyebaki, kwa mdogo anayesoma Bukavu, au kwa msiba wa Fizi. Pesa hizo zinapita mikono mingi, na kila mkono unabaki na kitu.

Zamani pesa ya ndugu ilikuwa ya nguo za watoto na ya Noeli. Leo kwa jamaa nyingi ndiyo chakula chenyewe. Mwezi wa tano mwaka 2025 WFP, ile sisi wa Kongo tumezoea kuiita PAM, ilikosa fedha ikaondoa watu karibu milioni 1 kwenye msaada wa chakula katika kambi za Uganda. Kuna nyumba zilibaki na simu tu, zinangoja ilie. Kwa nyumba ya namna hiyo, shilingi 20,000 zilizopotea njiani si hasara ya kusema «haizuru». Ni siku kadhaa za sahani tupu.

Benki ya Dunia inapima mara kwa mara gharama ya kutuma dola 200. Kwa nchi zetu za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, hesabu zake za miaka ya 2023 na 2024 zilionyesha karibu 8 kwa 100. Mwaka 2015 mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo 2030 gharama hiyo iwe chini ya 3 kwa 100. Tupige hesabu. Nane kwa mia ya dola 200 ni dola 16. Tatu kwa mia ni dola 6. Katikati kuna dola 10 ambazo zingeweza kufika kwa mama. Ahadi ya 2030 ni nzuri, ila mama anakula leo, kwa hiyo hizo dola 10 inabidi tuzitafute wenyewe.

Na usidhani kwamba karibu ndio rahisi. Katika ripoti hizo hizo, kutuma kutoka nchi moja ya Afrika kwenda jirani yake mara nyingi ni ghali kuliko kutuma kutoka Ulaya. Njia ya Tanzania kwenda nchi jirani imetajwa miaka kadhaa kati ya zilizo ghali kabisa duniani, na wandugu zetu wa Nyarugusu wanalijua hilo bila kusoma ripoti yoyote.

Swali la kuuliza

Tulizunguka wiki mbili tukiuliza watu wanachaguaje njia ya kutuma au kutumiwa pesa. Wengi walijibu: «Ile isiyokata sana.» Tukauliza, unajuaje haikati sana? Jibu: «Wanakata dola mbili tu», au «hao hawakati kitu.» Hapo ndipo wengi tunapoibiwa tukiwa macho, maana makato yanayoandikwa kwenye kibao ni sehemu moja tu ya bei. Sehemu ya pili imefichwa ndani ya bei ya dola. Kampuni inanunua dola ya ndugu yako kwa bei yake, si kwa bei unayosikia redioni. Tofauti hiyo ndiyo faida yake, na haiandikwi popote kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo usiulize «mnakata ngapi?» Uliza hivi: «Nikitoa dola mia zote, na makato yenu yatoke humo humo, mtu wangu atashika shilingi ngapi mkononi?» Uliza swali hilo hilo sehemu tatu, siku moja, saa moja. Atakayetaja shilingi nyingi ndiye rahisi, hata kama makato yake ni makubwa. Atakayetaja chache ni ghali, hata akiapa kwamba anatuma bure.

Tuchukue mfano. Namba hizi tumezitunga ili hesabu iwe nyepesi, usiende nazo dirishani. Kampuni ya kwanza inatoza dola 4, halafu inatoa shilingi 3,600 kwa kila dola. Kampuni ya pili inasema bure kabisa, lakini dola yake ni shilingi 3,450. Ndugu yako ana dola 204 mfukoni. Akienda kwa ya kwanza, dola 4 zinakatwa, zinabaki 200, wewe unapata shilingi 720,000. Akienda kwa ile ya bure, dola zote 204 zinabadilishwa, unapata 703,800. Ile bure imekula shilingi 16,200.

Lakini ngoja kwanza. Kama ana dola 34 tu? Kwa ya kwanza zinabaki 30, unapata 108,000. Kwa ile ya bure unapata 117,300. Sasa bure imeshinda, tena kwa shilingi 9,300! Kampuni ni zile zile, bei ni zile zile, kilichogeuka ni ukubwa wa pesa. Makato ya namba moja isiyobadilika yanaumiza pesa ndogo, kwa sababu dola 4 juu ya dola 30 ni zaidi ya 13 kwa 100. Bei mbaya ya dola inaumiza pesa kubwa. Katika mfano wetu zinalingana ndugu anapotuma dola 90 na kitu. Chini ya hapo bure ni nzuri, juu ya hapo inakudanganya. Ndio maana jirani yako anaweza kusifu kampuni fulani kwa ukweli kabisa, na wewe ukaifuata ukapata hasara.

Kutokana na hesabu hiyo wengine husema: basi atume mara moja kwa mwezi, asitume kila wiki. Kweli, akituma dola 25 mara nne kwa makato ya dola 4 kila mara, amelipa 16. Akituma 100 mara moja amelipa 4. Lakini mama mmoja wa Kabazana alitucheka tulipomwambia hivyo. Alisema pesa yote ikiingia mara moja, kabla ya jua kuzama wadeni wanne wameshasikia harufu yake, na wiki ya tatu watoto wanalala njaa. Hatukuwa na la kumjibu. Kama nyumba yako iko hivyo, tafuta kampuni ya makato madogo hata bei yake ya dola ikiwa mbaya kidogo, ndugu aendelee kutuma kidogo kidogo. Hesabu ya karatasi inafuata hesabu ya nyumba.

Mambo ya kumwambia ndugu aliye Marekani

Ndugu zetu kule wanafanya kazi za usiku, wamechoka, na wengi wanatuma pale pale walipozoea siku ya kwanza walipofika. Ukiongea naye, baada ya salamu na habari za watoto, mwambie haya taratibu. Asifikiri unamlalamikia.

La kwanza ni jipya. Tangu tarehe 1 Januari 2026 Marekani inatoza ushuru wa 1 kwa 100 juu ya pesa zinazotumwa nje ya nchi, kwa sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025. Lakini ushuru huo unamhusu anayelipa dirishani kwa noti mkononi, au kwa hundi za namna ile zinazonunuliwa kwa noti. Anayelipa kutoka akaunti yake ya benki ya Marekani, au kwa kadi iliyotolewa kule kule, haumgusi. Kwa dola 200 ni dola 2 za bure kabisa, hazimsaidii yeye wala wewe. Ndugu ambaye bado anabeba noti mpaka dukani anaweza kuziokoa kwa kuweka pesa benki kwanza.

Kadi nayo ina aina mbili. Kadi ya akaunti inachukua pesa yake mwenyewe. Kadi ya mkopo ni deni, na benki nyingi zinahesabu kutuma pesa kwa kadi hiyo kama kukopa noti, wanaweka ada yao na riba siku hiyo hiyo. Ndugu anaona kwenye simu «dola 3», kumbe mwisho wa mwezi barua ya benki inakuja na mengine.

Kutuma kutoka benki kwenda benki moja kwa moja? Kwa pesa zetu hizi ndogo, hapana. Benki nyingi za Marekani hutoza kati ya dola 35 na 50 kwa kutuma nje mara moja, na benki ya katikati inaweza kukata yake. Ni njia ya mtu anayenunua gari.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: kule Marekani, tangu mwezi wa kumi 2013, kampuni ya kutuma pesa inalazimika kumwonyesha mteja kabla hajalipa makato ni ngapi, bei ya kubadilisha ni ngapi, na mpokeaji atapata kiasi gani. Si hisani, ni sheria. Na akishalipa ana dakika 30 za kufuta na kurudishiwa pesa yake yote, maadamu haijachukuliwa huku. Akigundua kosa, ana siku 180 za kulalamika. Kwa hiyo ndugu akikuambia «sijui mtapata ngapi, ngoja ifike uone», mwambie asome karatasi yake au simu yake vizuri. Imeandikwa. Akupigie picha akutumie.

Asidanganyike na siku ya kwanza. Kampuni nyingi za simu, kama Remitly, WorldRemit na wenzao, zinampa mteja mpya bei tamu sana ya kwanza, halafu mara ya pili bei inarudi ya kawaida. Si wizi, inaandikwa, lakini kwa maandishi madogo. Anaweza kulinganisha upya kila miezi michache. Wengine wanahama kila mara kufuata bei ya mgeni, na sisi hatuoni ubaya.

Ikishafika kwenye simu yako

Safari haijaisha. Pesa ikiingia kwenye MTN au Airtel bado kuna makato ya kutoa kwa ejenti, na juu yake serikali ya Uganda ina ushuru wa nusu kwa 100 kwa kila kutoa, uliobaki tangu 2018 baada ya watu kupigia kelele ule wa 1 kwa 100. Ukitoa 200,000 ushuru peke yake ni shilingi 1,000, mbali na makato ya kampuni. Makato ya kampuni yanakwenda kwa ngazi: ukivuka ngazi kwa shilingi mia tano tu unalipa ya ngazi ya juu. Angalia ile karatasi ya bei iliyobandikwa kwa ejenti kabla ya kusema kiasi. Kama haikubandikwa, nenda kwa mwingine.

Ushuru huo ni wa kutoa. Ukilipa kitu moja kwa moja kutoka kwenye simu, hukutoa. Shule nyingi za Uganda zinapokea ada ya mtoto kwa simu, kwa mfano kupitia SchoolPay, ambapo kila mwanafunzi ana namba yake. Baba anayetoa 150,000 kwa ejenti, analipa makato na ushuru, halafu anabeba noti mpaka shuleni, na shule inampeleka kuziweka tena kwa simu, huyo amelipa mara mbili na jasho juu. Omba namba ya mtoto shuleni.

Halafu jina. Hapa kambini jina ni ugonjwa. Karani wa siku ile ulipofika aliandika alivyosikia: Jean-Pierre akawa John Piere, Nabintu akawa Nabitu, jina la baba likakaa mbele. Ndugu kule anatuma kwa jina alilokuitia utotoni. Ukifika dirishani Mbarara, jina la kwenye pesa na jina la kwenye kitambulisho havifanani, unarudishwa. Umekula nauli ya zaidi ya kilometa 50 kwenda na kurudi, na siku nzima. Hakuna kampuni inayoandika nauli hiyo kwenye kibao chake, lakini ni gharama ya kutumiwa pesa kama nyingine. Piga picha kitambulisho chako, mtumie ndugu, aandike herufi kwa herufi, na kosa la karani aliandike vile vile lilivyo.

Wengine bado wanapokelea pesa kwenye simu ya mtu mwingine kwa sababu hawana laini iliyoandikishwa kwa jina lao. Mwaka 2019 Uganda iliruhusu mkimbizi aandikishe laini kwa kitambulisho chake cha mkimbizi au kwa karatasi ya OPM, si lazima kitambulisho cha raia. Kwa nini tunasisitiza? Mwenye simu anachukua chake, elfu tano, elfu kumi, anaita «ya soda». Soda hiyo, ukiihesabu kwa mwaka, ni ghali kuliko kampuni yoyote tuliyoitaja hapa. Na siku akihama na laini yake, pesa ya ndugu inamfuata yeye.

Sisi tunaotuma Kongo

Watu wa misaada wakizungumza juu ya pesa wanatuona kama wapokeaji tu. Lakini kila mmoja hapa anajua nani kule nyumbani anangoja chake. Anayeuza nyanya sokoni anatuma. Anayelima kwa kibarua anatuma.

Njia ya kwanza ni simu. Fungua menyu ya pesa, tafuta sehemu ya kutuma nje ya nchi, uone kama Kongo imo na kama mtandao wa ndugu yako umo, maana kule kuna M-Pesa ya Vodacom, Airtel Money na Orange Money, na si kila mtandao wa huku unaongea na kila wa kule. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu itakuonyesha kiasi kitakachofika. Soma hapo. Usibonyeze kwa haraka eti mtandao utakatika.

Kongo ina jambo lake la pesa mbili. Mtu wa kule anaweza kuwa na akaunti ya dola na ya franga kwenye simu hiyo hiyo. Shilingi yako ikigeuzwa franga, halafu yeye akaigeuza dola ili alipe nyumba, imekatwa mara mbili. Muulize kwanza anahitaji nini. Ya chakula na dawa, franga inatosha kwa sababu anaitumia leo. Ya kuweka, dola, maana franga tunaifahamu: mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa chini ya franga 1,000, na mwaka 2024 ilipita 2,700. Inaweza pia kupanda, na anayeshika dola siku hiyo analia, lakini mzee wa Uvira aliyepoteza akiba yake katika franga hutamshawishi.

Kama unatuma noti za dola mkononi mwa mtu, ziangalie moja moja. Kule Kongo noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha inakataliwa, au inachukuliwa kwa bei ya chini. Hapa Uganda wabadilishaji nao hawapendi noti za zamani na noti ndogo. Noti ya mia ya zamani iliyokunjwa kunjwa si dola mia, hata kama imeandikwa mia.

Njia ya pili ni ofisi za Wasomali pale Base Camp, hawala. Wakongomani wengi wanazipita bila kuingia wakifikiri ni za kwao wenyewe. Kazi yake ni hii: unampa pesa mtu wa hapa, yeye anamjulisha mwenzake wa mji wa pili, mwenzake anatoa pesa kutoka kwenye sanduku lake na kumpa ndugu yako. Noti zako hazikuvuka mpaka. Wao wawili watalipana baadaye, kwa bidhaa au kwa mtu mwingine anayetuma upande huu. Kwa sababu hakuna benki katikati, makato yanaweza kuwa madogo na pesa inafika siku ile ile. Udhaifu wake ni kwamba lazima wawe na mwenzao mahali ndugu yako alipo. Kwa Nairobi, Mogadishu au Dubai hakuna shida. Kwa kijiji cha Mwenga, sahau. Na omba risiti yenye namba. Mwenye ofisi mzuri hakasiriki ukiomba.

Tuseme kidogo juu ya hawa jamaa, kwa sababu historia yao inatuhusu. Dahabshiil, moja ya kampuni kubwa za Wasomali, ilianza mwaka 1970 mjini Burao na mfanyabiashara Mohamed Said Duale, aliyesaidia wafanyakazi wa Ghuba kupeleka pesa kwa jamaa zao. Vita vya 1988 vilimwondoa, akakimbilia Ethiopia, akaanza upya akiwa mkimbizi kati ya wakimbizi. Na WorldRemit ilianzishwa mwaka 2010 na Ismail Ahmed, mtoto wa Hargeisa aliyetoka wakati wa vita hivyo hivyo, akasoma London huku akitumia ndugu zake pesa na kuona dirisha linavyomkata. Watu hao hawakungoja benki iwahurumie.

Njia ya tatu ni mtu: dereva, mfanyabiashara wa samaki, mchungaji anayesafiri. Hakati kitu, au anakata kidogo. Tunaikubali kwa mtu unayemjua nyumbani kwake na kwa pesa ambayo ukiipoteza hutalia mwaka mzima. Kwa pesa ya hospitali, hapana, na si kwa sababu watu ni wabaya. Barabarani kuna vizuizi, na kwenye kizuizi mtu anatoa alichonacho, kiwe chake au chako.

Keshi ipo?

Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yalipofika Goma, benki za mjini zilifunga milango, na Bukavu ikafuata mwezi wa pili. Pesa zilizotumwa kwa simu zilifika, simu zililia vizuri, lakini ejenti hakuwa na noti. Aliyekuwa nazo alijiwekea bei yake. Watu wa Goma walivuka mpaka Gisenyi kutafuta noti. Ndugu mmoja wa hapa Rubondo alituma shilingi 100,000 za dawa ya baba yake. Kwa simu alikatwa kidogo tu, akafurahi, lakini baba alipokwenda kutoa alikatwa zaidi ya kumi kwa mia na mwenye noti. Hesabu yote ya bei ya dola tuliyopiga hapo juu haikumsaidia.

Kwa hiyo kwa Kongo, kabla ya kutuma, piga simu. Mwambie ndugu aende kwa ejenti wake aulize mambo mawili: una noti leo, na unakata ngapi kutoa? Kama hakuna noti, muulize kama duka la dawa au la unga linakubali kulipwa kwa simu. Mara nyingi linakubali, na pesa haihitaji kugeuka noti. Kama duka halikubali, gawanya: nusu leo, nusu wiki ijayo, asilazimike kutoa yote kwa bei ya siku mbaya.

Mwisho, wale wanaopigia simu. «Nimekosea namba, pesa yangu imeingia kwako, nirudishie.» Usirudishe kitu kwa mkono wako. Angalia salio lako kwanza, kwenye menyu, si kwenye ujumbe, maana ujumbe mtu yeyote anaweza kuuandika. Kama kweli imeingia, mwambie apige simu kwa kampuni yake, kampuni ndiyo inarudisha. Na namba ya siri hata mfanyakazi wa kampuni hana haki ya kukuuliza.

Bei za leo za kampuni mbalimbali hatukuziandika hapa kwa sababu zinageuka kila siku, na gazeti hili linatoka mara moja kwa mwezi. Lakini Jumamosi ya kwanza na ya tatu, baada ya saa nane, tutakuwa chini ya mwembe nyuma ya maktaba na kalamu na kikokotoo. Leta risiti au ujumbe wa simu wa pesa tatu za mwisho ulizopokea au kutuma, na umwombe ndugu aliye nje akupe picha ya karatasi yake ya siku ile. Funika namba ya siri na salio. Tutapiga hesabu pamoja tuone kila njia ilikula ngapi, na watakaokubali, tutaandika matokeo toleo lijalo bila kutaja jina la mtu.